Namna ya kuhudhuria usiku wa taarab katika ukumbi mdogo wa Mji Mkongwe

Ukumbi mdogo wa sanaa hapa Unguja mjini mara nyingi huwa chumba kimoja cha nyumba ya mawe: viti vya plastiki 60 au 80, jukwaa lisilofika hata magotini, mlango mmoja wa kuingilia na kutokea. Mpiga udi akivuta pumzi unamsikia, na yeye anakusikia ukifungua pakiti ya karanga. Kila utakalofanya humo ndani linaingia kwenye muziki. Mambo ambayo hayaonekani kwenye tamasha kubwa, kama Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, hapa yana uzito. Maelezo haya yanahusu taarab asilia, ile ya fidla, udi na kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa na kudonolewa), na kidogo kidumbaki, ndugu yake mdogo wa ngoma na kucheza. Rusha roho ya vinanda vya umeme ina desturi zake nyengine.

Saa na siku

Tangazo likisema saa 2 usiku, ujue limepangwa liwe baada ya swala ya Isha, na wapigaji wenyewe wanatoka msikitini. Pakichelewa nusu saa, hakuna aliyekosa. Wewe lakini fika mapema, nusu saa kabla, kwa sababu viti havina namba na vizuri huisha kwanza. Jihadhari na matangazo yaliyochapwa kwa ajili ya wageni, yanayoandika "8:00" bila kusema usiku wala mchana. Jamaa waliokaa sana nje huliona hilo, wakaliona na la "saa 2:00" ukutani, wakadhani ni maonyesho mawili. Ni moja. Ukiwa na shaka piga simu uulize, "Ni saa mbili za usiku?" na utaje usiku.

Mwezi wa Ramadhani usitafute taarab. Msimu wake ni Sikukuu, na tarehe iliyochapwa kabla ya mwezi kuandama inaweza kusogea siku moja, basi usikate tiketi ya boti mpaka umethibitisha. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, uliza jambo jengine: paa ni la nini? Mvua kubwa juu ya mabati inazima kila ala isiyo na kipaza sauti. Siku hizo, ukumbi ulio chini, wenye ghorofa juu yake, ndio wa kuchagua.

Asiyetaka kungoja onyesho ana njia nyengine, na pengine ndiyo bora zaidi kwa mtu anayetaka kujifunza kusikiliza. Vikundi vya zamani, kama Nadi Ikhwan Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905 na Culture Musical Club chenye asili ya mwaka 1958, hufanya mazoezi ya jioni. Mtu akimwomba kiongozi kwa adabu kwa kawaida hukaribishwa kukaa pembeni. Mazoezini wimbo unakatwa, unarudiwa, fidla zinasikika peke yao, kisha ngoma ya dumbaki peke yake; ukija kuusikia ukumbini unajua kila kitu kimekaa wapi. Maonyesho ya wanafunzi nayo yana faida hiyo. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kimekuwa kikifundisha ala hizi tangu mwaka 2002, na kijana anayepiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza anaweza kupotea katikati akaanza tena. Akianza tena, mpigie makofi hapo hapo. Yanamsaidia kuliko yale ya mwisho.

Kabla hujatoka nyumbani

Vunja pesa. Hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Unahitaji kiingilio kamili mkononi, maana mlangoni hakuna chenji, na mbali na hicho unahitaji noti za kutunza, yaani za kumzawadia mwimbaji: noti 10 za shilingi 1,000 ni bora kuliko noti moja ya 10,000. Baadhi ya milango hupokea kiingilio kwa simu, lakini tunzo haitumwi kwa simu. Inapelekwa kwa mkono watu wakiona. Ziweke noti hizo mfuko wa peke yake, zimekunjwa mara moja tu, usije ukaanza kuchakura mkoba wimbo ukiwa umefika pale ulipokuwa ukipangoja.

Kula kabla. Ukipita Forodhani, urojo ule uumalize huko huko. Kumbi hizi haziuzi ulevi, na kahawa na kashata huwa nje mlangoni, kwa wakati wa mapumziko.

Mavazi ni ya kwenda kwa watu. Wanawake huvaa vizuri khasa, na wengi wana buibui juu ambalo hulivua au huliacha wazi wakishakaa. Chukua kanga moja ya ziada, utaikalia, utajifunika upepo ukija, au utamlazia mtoto. Wanaume kanzu na kofia, au suruali na shati la heshima. Bukta na mabega wazi hakuna atakayekufukuza kwa ajili yake, ila utakuwa umewakosea wazee waliokaa mstari wa mbele. Manukato yawe kiasi, chumba ni kidogo na mpiga nai, ile filimbi, anahitaji pumzi yake.

Vaa viatu vinavyovulika. Ghorofani pakiwa na majamvi, viatu vinabaki ngazini, na baada ya onyesho kuna jozi 60 za ndara nyeusi zinazofanana. Ziweke ubavuni, mbali na kizingiti, moja juu ya nyengine.

Wapi pa kukaa

Nyumba za mawe za zamani zimeezekwa dari kwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba: mita 3 hivi. Ndiyo maana kumbi nyingi za aina hii ni ndefu na nyembamba, au ni vyumba viwili vilivyotobolewa ukuta na kuachiwa nguzo katikati. Kabla hujakaa, simama nyuma ya kiti chako utazame: unamwona mwimbaji? Ukimwona nusu, hama sasa. Wimbo ukishaanza, kuhama kwako kunawasimamisha watu wanne.

Kuta hizo za mawe na chokaa ni ngumu, sauti inagonga na kurudi. Pembeni kabisa, besi hujilundika ikafunika maneno, na taarab bila maneno imepotea nusu. Mstari wa 3 au wa 4, katikati au kidogo upande iliko kanuni, ndipo pazuri. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti, lakini sauti yake yenyewe ni ndogo; fidla nne zikiingia pamoja aliyekaa upande wa pili haisikii tena. Chini ya pangaboi ni baridi, na ndiyo sababu watu hupakimbilia, ila linanguruma juu ya kichwa usiku kucha. Mstari wa mbele waachie wazee na jamaa za wapigaji, hata kama ni mtupu ulipofika. Pahala pengi wanawake hukaa upande mmoja na wanaume mwengine bila ya kuandikwa popote. Tazama waliotangulia.

Ukiingia toa salamu, "Assalaam alaykum", mara moja kwa wote waliokaribu, na shikamoo kwa mkubwa utakayekaa ubavuni mwake. Wapigaji wakiwa wameshaanza kutega nyuzi, inamisha kichwa tu upite.

Usiku unavyokwenda

Kwanza watatega nyuzi, na watatega kwa muda. Hewa ya hapa ina unyevu. Mbao zinavimba, na ngozi iliyo chini ya daraja la kanuni hunyonya unyevu ikalegea, sauti zikashuka. Chumba kikijaa watu kinapata joto na jasho, basi baada ya nyimbo mbili watatega tena. Huo ni wakati wa kunong'ona na jirani, kwa sauti ya chini. Ukipiga soga kwa nguvu, mpiga kanuni haisikii nyuzi yake, atatega vibaya, na wimbo utakaofuata utausikia umepinda. Kosa litakuwa la ukumbi.

Halafu huja bashraf. Haina mwimbaji, ala zote zinakwenda pamoja, na asiyejua hudhani ni majaribio ya vyombo akaendelea kuzungumza. Bashraf ndiyo bismillahi ya usiku. Nyamaza kama ambavyo ungenyamaza mwimbaji akiimba.

Nyimbo zinafuata, na kila mmoja unaweza kuchukua dakika 10 na zaidi. Mpango wake ni huu kwa kawaida: ala zinafungua, mwimbaji anatoa ubeti, waitikiaji wanapokea, ala zinajaza nafasi, ubeti wa pili. Mstari huimbwa na kurudiwa. Mara ya kwanza shika maneno, mara ya pili ndipo uyatafute yamefichia nini, kwa sababu mashairi haya hupenda mafumbo: ua, bahari, ndege, mgonjwa na tabibu. Usimuulize jirani "anamsema nani?" wimbo ukiendelea. Anaweza kuwa ndiye.

Kati ya beti, mpiga udi au kanuni anaweza kuachiwa nafasi ya taksimu, anapita peke yake bila mapigo ya ngoma. Hapo makofi ya kufuatisha hayana pa kukaa, yatamvuruga. "Allah!" ya chini, inayotoka yenyewe anaposhuka mahala pazuri, inampa moyo. Makofi yote yaweke mpaka atakapomaliza.

Kutunza

Hapa ndipo wageni wengi, na hata wenyeji wa kumbi kubwa, wanapoteleza. Kutunza ni kumjibu mwimbaji. Unasema: mstari huu nimeusikia, umenigusa. Ndiyo maana wakati unahesabika kuliko kiasi. Shilingi 1,000 iliyokwenda kwenye neno lake ina maana kubwa kuliko 10,000 iliyopelekwa wakati ala zinajaza nafasi.

Ubeti wa kwanza acha upite, usikilize unaelekea wapi. Mstari wako ukija mara ya kwanza, toa noti, ukirudiwa, simama. Nenda polepole, hatua ikifuata mapigo, kwa njia ya pembeni kama ipo. Noti shika mkono wa kulia juu kidogo, ionekane. Ukifika, mpe mkononi. Kama mikono yake ina kipaza na karatasi, iweke kwenye sahani au kapu lililo mbele yake. Usiitupe, usiitie kwenye nguo yake, usisimame mbele yake ukamziba. Mapigo mawili matatu ya kuyumba hapo yanatosha, kisha geuka urudi. Wakiwa wengi, ngoja mmoja arudi ndipo uende. Chenji haiombwi jukwaani hata kwa ishara ya macho.

Na sasa la hatari. Nyimbo nyingi zinasema na mtu: mwizi wa mapenzi, jirani mwenye choyo, rafiki aliyegeuka. Ukiinuka kwenye mstari wa namna hiyo, na njiani macho yako yakatua kwa fulani, umeshampelekea ujumbe mbele ya watu 80, hata kama ulikuwa unatafuta pa kukanyaga. Ukiwa na mtu mnayevutana humo ukumbini, tunza nyimbo za mapenzi na za shukrani, ziache za vijembe zipite. Ukiwa mgeni usiyeshika maneno vizuri, tunza mwisho wa wimbo, ala zikifunga. Hapo hakuna wa kujiuliza ulimkusudia nani.

Wanaume hutunza pia. Mwanamme asimkaribie mwimbaji mwanamke mno. Urefu wa mkono ulionyooshwa ndio mpaka. Mke wa mtu akitunza na mumewe amekaa, jambo la kawaida, hakuna la kulitazama.

Simu na umeme

Mwangaza wa kioo cha simu katika chumba chenye giza unamfikia mpiga fidla machoni. Izime mlio, ipunguze mwanga, iweke mapajani kifudifudi. Kurekodi omba ruhusa kwa kiongozi kabla ya bashraf, na ueleze unataka kufanya nini: wimbo mpya ambao kikundi hakijautoa ukisambaa mitandaoni usiku ule ule, wamenyang'anywa kazi ya miezi. Picha wakati wa taksimu, hapana.

Umeme ukikatika, usiinuke. Hili ndilo jema la ukumbi mdogo: fidla, udi na dumbaki haviutaki. Unguja ilikaa karibu mwezi mzima bila umeme mwaka 2008, kisha tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, na ala za namna hii hazikuhitaji jenereta. Washa tochi ya simu ukaielekeze darini, mwanga ushuke kwa wote. Ukimwelekezea mwimbaji usoni, unampofua. Nyamaza zaidi kuliko ulivyokuwa, kwani vipaza vimekufa.

Ikiwa ni kidumbaki

Badilisha mpango. Fidla moja, ngoma mbili za vidumbaki, cherewa (manyanga), mkwasa (vijiti vya kugonganisha) na sanduku lenye uzi mmoja ndilo besi. Ngoma ndogo hizo hupashwa moto ngozi ikaze, kwa hiyo ukiona moto nje ya mlango ujue bado. Nyimbo zinaunganishwa bila kusimama, na viti husogezwa ukutani kwa sababu watu watacheza. Usikae karibu na sanduku. Duara la wachezaji linapita hapo. Kanga yako ifunge kiunoni mapema, na mkoba mpe anayebaki amekaa.

Kutoka

Panga usafiri kabla ya kuingia. Usiku daladala za mashamba zimepungua au zimekwisha, na bodaboda aliyeahidi kukungoja atakungoja akijua saa. Mwambie saa 5, kisha wewe toka saa 5, hata kama wimbo uko katikati. Ngoja ubeti uishe tu. Ukibaki mpaka mwisho, wasalimie wapigaji, kamata viti viwili uvipange na vyengine, na kanuni usiiguse hata kuisogeza, nyuzi zake zaidi ya 70 ziko kwenye vigingi vinavyolegea kwa kuguswa. Vichochoroni teremka kimya. Kuna watu wamelala nyuma ya kila dirisha.