Nguo za heshima za kijana anayekwenda chuo: maneno ya fundi wa Wete

Kila mwaka, majina ya waliopata nafasi yakishatoka, vijana huanza kuingia kibandani kwangu hapa Wete, Pemba, kila mmoja na baba yake. Baba ndiye msemaji. "Fundi, mwanangu anakwenda chuo kikuu Tunguu, kule Unguja, mkatie suti." Kijana yuko nyuma, macho kwenye simu.

Zamani nilikuwa napima nakata. Sasa nawakalisha kwanza, kwa sababu kosa hilo nililifanya mwenyewe kwa mtoto wangu wa kwanza. Nilimshonea suti ya vipande vitatu: koti, suruali na kizibao, kitambaa cha kijivu kizito, bitana ya kung'aa. Hakuiomba. Ni mimi niliyetaka akishuka boti pale bandarini Malindi, Unguja, ajulikane ni mtoto wa fundi. Akaitundika dakhalia, yaani bweni la chuo, ndani ya mfuko wa nailoni, mvua za vuli zikaingia. Aliporudi likizo bitana yote imeota koga na suti haijavaliwa hata siku moja. Kanzu alikuwa nayo moja tu, na hiyo ilikula doa la mchuzi kifuani wiki ya pili.

Basi anza na kanzu, tena ziwe mbili. Ijumaa inajulikana, lakini ziko siku hazipigi hodi: mwenzenu kafiwa Makunduchi mnapanda daladala kwenda kuzika, rafiki anaoa Jumapili, jirani kaalika maulidi. Moja ikiwa kambani, nyengine iwepo kabatini. Ya kwanza nyeupe. Ya pili rangi ya maziwa au kijivu, ya tetroni, maana haijikunji sana na inakauka upesi hata siku ya mawingu.

Unapoijaribu kanzu usitosheke na kusimama mbele ya kioo. Mimi namtandikia mteja mkeka namwambia asujudu. Akiinama, naangalia kwapani: kitambaa kikivuta na mgongo ukapanda, kikwapa, kile kipande cha chini ya mkono, ni kidogo, na kanzu hiyo itachanika hapo hapo kabla mwaka haujesha. Halafu naangalia pindo. Likae juu kidogo ya kifundo cha mguu; likiburura chini utalikanyaga ukipanda ngazi. Mwisho namtoa nje juani. Kanzu nyeupe nyepesi juani ni kama dirisha. Nimewahi kumwona kijana mmoja, kavaa kapendeza, na bukta yake ya mistari inahesabika mstari mmoja mmoja. Chukua msuli mweupe au suruali nyepesi nyeupe ya kuvaa ndani.

Kofia ni moja nzuri ya mkono, na kama iko iliyoshonwa na shangazi au dada nyumbani, chukua hiyo. Ukiifua, itie wanga kidogo, kisha ivishe juu ya bakuli linalolingana na kichwa chako ikauke hapo. Ukiianika kambani inageuka kitambaa cha kufutia meza. Ya mashine iwe ya kila siku.

Suruali za kitambaa mbili zinatosha, nyeusi na bluu iliyokolea. Hapa mwambie fundi wako neno moja: akuachie akiba. Mshono wa nyuma, kutoka kiunoni kushuka, uachiwe inchi moja kila upande, na pindo la chini inchi mbili. Nimeona wengi walioingia chuo kiuno 28 wakatoka 30. Suruali yenye akiba inafunguliwa nusu saa, isiyo nayo unampa mdogo wako.

Mashati ya mikono mirefu matatu, moja lazima liwe jeupe lisilo na maua wala maandishi. Hilo ndilo la siku ya kuwasilisha kazi mbele ya darasa na siku ya kwanza ya fildi, yale mafunzo ya kazini. Ukitaka la mtumba nenda sokoni Darajani, mjini Unguja, sioni aibu kusema hivyo ingawa mimi ni fundi. Lakini geuza ukosi kwanza, utazame ule mkunjo wa ndani. Ukiwa umelika au una umanjano, liache. Kisha livae utazame bega. Mshono ukae pale mfupa unapoishia. Fundi yeyote atakubania kiuno na kukukatia mikono, ila bega lililoanguka kulirekebisha ni karibu na kulishona shati upya.

Suti je? Iache. Badala yake chukua koti moja, jeusi au bluu iliyokolea. Sisi koti tunalivaa juu ya kanzu kwenye ndoa, na koti hilo hilo juu ya suruali na shati jeupe linakupeleka kwenye usaili. Tai moja, isiyo na mapambo, na ujifunze kuifunga ungali nyumbani. Mahafali yatakuja baada ya miaka mitatu, na siku hiyo mwili utakuwa mwengine.

Viatu: moka nyeusi za ngozi. Nasema moka kwa sababu viatu vya kamba vinachosha kwa mtu anayevua na kuvaa mara tatu nne kwa siku mlangoni mwa msikiti. Makubadhi kwa kanzu. Wala viatu vyako vizuri kupita kiasi usiviache mlangoni siku ya Ijumaa. Mimi nimesharudi nyumbani peku. Soksi jozi tano zisizo tundu, kwani ukivua kiatu kila mtu anaona dole gumba.

Anayekwenda chuo cha Mchangamdogo, hapa hapa Pemba, apunguze nusu ya haya. Huyo karibu na nyumbani, nguo zitakwenda na kurudi.

Sasa utunzaji, ambao vijana hawaupendi kuusikia. Pasi katika dakhalia ni moja kwa watu wengi, na Alkhamisi usiku kuna foleni, tena umeme ukikatika mmekwisha. Piga pasi Jumatano. Tetroni weka kitambaa chenye unyevu juu yake, bila hivyo inang'aa kama mgongo wa samaki na haiondoki tena. Nguo usizihifadhi ndani ya nailoni. Nailoni ni ya kuvukia tu, kutoka bandari ya Mkoani hadi Malindi, begi lisiingie maji. Ukifika zitoe zote. Jumamosi asubuhi zitundike nje zipigwe na upepo, hata zile ambazo hukuzivaa. Koga likiota kwenye nguo nyeupe ya pamba, kamulia ndimu, nyunyiza chumvi, anika juani, kisha fua. Kwenye koti la rangi usijaribu hivyo, litapauka. Likung'ute nje kwa brashi kavu.

Na kwenye mfuko mdogo wa begi tia sindano mbili, uzi mweupe na mweusi, vifungo vinne vya shati. Kifungo hakikatiki siku ya mapumziko.

Ile suti ya mwanangu, koti tulilivua bitana nikamtilia mpya. Suruali niliifungua nyuma mwaka wake wa tatu, inchi moja na nusu, akaivalia joho. Kizibao kiko hapa kibandani, juu ya kiti cha cherehani ya zamani. Paka ndiye mwenyewe sasa.