Likizo ya kifahari Shelisheli: anza na upepo, hoteli baadaye

Watu wengi wakitaka kwenda kula raha Shelisheli wanaanza na picha za hoteli, mtu anaona vila yenye bwawa lake mwenyewe inatazama bahari, analipia hapo hapo, alafu anafika anakuta ufukwe umejaa mwani na mawimbi yanapiga mpaka kuoga baharini ni hatari. Pesa yote ile! Mimi ningekuomba kabla hujafungua picha hata moja ujue kwanza unaenda mwezi gani na upepo gani utakuwa unavuma.

Ni ule ule kusi na kaskazi wa wazee wetu wa majahazi. Kusi, upepo wa kutoka kusini mashariki, inavuma kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 9 hivi, hewa inakuwa kavu na ya kupoa, kulala dirisha wazi ni raha tupu, ila fukwe zinazotazama kusini mashariki zinachafuka, kwa mfano Grand Anse ya kisiwa cha La Digue inakuwa na mikondo mikali kabisa usiiguse. Miezi hiyo kaa upande wa kaskazini magharibi, Beau Vallon kule Mahé au Anse Lazio kule Praslin, maji yametulia. Kaskazi, upepo wa upande wa pili, ikiingia mambo yanageuka, na mvua kubwa zinakuja Desemba na Januari. Mwezi wa 4 na wa 10 ndio maleleji, kipindi upepo unapobadilika, bahari inalala, unaona mpaka chini, na kama unapenda kupiga mbizi usitafute mwezi mwingine.

Sasa visiwa. Viko 115 lakini likizo yako itazunguka Mahé, Praslin na La Digue, ukiongeza kisiwa kimoja cha binafsi kama mfuko unaruhusu. Ndege za kutoka nje zinatua Mahé, na hapo ndipo wengi wanapokosea, wanalala Mahé siku nne za mwanzo kwa uchovu tu. Kama umetua asubuhi unganisha siku hiyo hiyo, ndege ndogo mpaka Praslin ni kama robo saa, feri kutoka Victoria, mji mkuu ulioko Mahé, ni kama saa moja. Mi nilipanda feri mwezi wa 7 kusi ikiwa imepamba moto, nusu ya abiria walikuwa wanatapika, kwa hiyo msimu huo lipia ndege na usijiulize mara mbili, ila uliza mapema kilo wanazoruhusu maana vile vindege ni vidogo na mzigo unapimwa kweli.

Kwa usiku kumi mimi ningepanga usiku tatu Praslin, tatu La Digue (feri robo saa tu), tatu kisiwa cha binafsi, na usiku wa mwisho Mahé ili bahari ikichafuka isikukoseshe ndege ya kurudi. Kisiwa cha binafsi kiwe karibu na mwisho, tafadhali, kwa sababu ukishakaa mahali ambapo nyayo za mchangani ni zako peke yako hoteli nyingine yoyote baada ya hapo utaiona ya kawaida. North Island ndiko walikofanya fungate Prince William na Kate mwaka 2011, bei yake inajulikana. Denis ni cha matumbawe na kimetulia sana, Félicité kiko karibu na La Digue unafika kwa boti. Kabla ya kulipa popote uliza kwa maandishi, hii bei ina chakula, vinywaji, na usafiri wa kwenda na kurudi? Helikopta mara nyingi inahesabiwa pembeni, na hapo ndipo bajeti za watu zinapopasuka.

La Digue usihangaike kutafuta gari la kifahari, kodi baiskeli kama wenyeji. Ufukwe wa Anse Source d'Argent unaingilia L'Union Estate, unalipa kiingilio, unapita kwenye shamba la vanila na kobe wakubwa, alafu yanatokea yale majabali ya graniti ya kijivu yaliyolainika kama yamesuguliwa kwa mkono. Angalia maji kujaa na kupwa kabla hujaenda, maana maji makubwa ya bamvua yakitoka unabaki na maji ya magotini. Ufukwe unatazama magharibi kwa hiyo jioni jua linagonga mawe yanakuwa kama ya waridi, we kaa tu hapo, simu weka.

Makaratasi ni mepesi. Viza hakuna kwa karibu nchi zote lakini lazima uombe kibali cha kusafiri mtandaoni kabla ya kuondoka, uwe na tiketi ya kurudi na uthibitisho wa unapolala, na kama unatoka nchi yenye homa ya manjano beba cheti cha chanjo. Hela yao ni rupia ila hoteli nyingi zinakutajia bei kwa yuro, na kuna tozo ya mazingira ya kila usiku kwa kila mtu, iulizie kama imo kwenye bei.

Siku moja ya Praslin itoe kwa Vallée de Mai, msitu uliomo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1983, tena chukua mwongoza watalii, sio upite peke yako. Upepo ukigusa yale makuti mapana juu yanagongana kwa kishindo kama mabati, na chini yake zinaning'inia coco de mer, nazi zenye mbegu nzito kuliko zote duniani, moja inaweza kufika kilo 25. Ukitaka kuondoka nayo nunua yenye kibali cha serikali, na ile karatasi ibebe mkononi, sio ndani ya sanduku, maana bila hiyo karatasi nazi haitoki uwanja wa ndege.