Kabla ya Kutundika Njumu: Mambo ya Kuzingatia kwa Mchezaji wa Raga Anayetaka Kuwa Kocha

Mchezaji wa raga anayengoja goti limkatae ndipo aanze kuuwazia ukocha huwa amechelewa, kwa kuwa vyeti na uzoefu wa kufundisha huhitaji misimu kadhaa, ilhali mkataba wa mchezaji humalizwa na barua moja. Ni heri aanze angali anacheza, aombe kuwanoa chipukizi wa klabu yake au timu ya shule ya jirani, mahali ambapo makosa yake hayataigharimu timu kombe.

Kuhusu vyeti, shirikisho la World Rugby limeyapanga mafunzo ya ukocha kwa ngazi, na lina somo la usalama liitwalo Rugby Ready ambalo husomwa mtandaoni. Aliyewahi kuvaa jezi ya taifa huenda akaidharau ngazi ya kwanza, akiiona ni ya wanagenzi. Hata hivyo, kusukuma skramu, yaani pale wachezaji wa pande mbili wanapofungamana na kusukumana kuugombea mpira, miaka kumi ni jambo moja, na kumweleza kijana wa miaka 15 namna ya kuunyoosha mgongo na kuhakikisha kichwa na mabega havishuki chini ya nyonga, kabla refa hajaamuru safu za mbele ziumane, ni jambo jingine kabisa. Kadhalika, mchezaji wa umri huo anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo huondolewa uwanjani na harudi siku hiyo, hata akiapa kuwa yu mzima. Kocha aliyejijengea sifa kwa kucheza huku ameumia atalazimika kuikana tabia yake mwenyewe, na nadhani hapa ndipo wengi hushindwa.

Ajiandae pia kufutwa kazi. Benjamin Ayimba, nahodha wa zamani wa Kenya, akiwa kocha aliifikisha timu ya taifa ya wachezaji saba kila upande kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia mjini Dubai mwaka 2009, kisha Aprili 2016 akaiongoza kuilaza Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore, taji la kwanza la Kenya katika msururu wa mashindano ya dunia ya raga hiyo. Miezi minne baadaye, kwenye Olimpiki ya Rio de Janeiro, Kenya ilipoteza mechi zote tatu za kundi, na kabla mwaka haujaisha kiti chake kilikuwa na mtu mwingine. Mrithi wake, Innocent Simiyu, naye nahodha wa zamani, aliifikisha timu kwenye fainali za Vancouver na Hong Kong mwaka 2018, akaachishwa mwaka huohuo, kisha akarejeshwa mwaka 2020. Sifa za uwanjani humfungulia mtu mlango wa ukocha, lakini hazimzuii kutolewa.

Kwa hiyo asiache kazi au taaluma nyingine aliyo nayo, maana si kila klabu ina uwezo wa kumlipa kocha mshahara wa kumtosha. Kabla ya kutia sahihi, aulize na aandikiwe ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya orodha ya kikosi, bima ya matibabu ya wachezaji inalipwa na nani, na atapewa notisi ya muda gani iwapo klabu itaamua kumwachisha katikati ya msimu.