Kuwasha Linux kutoka diski ya NVMe kwenye kompyuta ya zamani

Umechomeka diski ya NVMe (SSD ya kasi) kwa adapta ya PCIe (sloti za kadi kwenye ubao mama) kwenye kompyuta ya mwaka 2010 hivi, ukafungua BIOS (programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta), diski haimo. Diski ni nzima. BIOS hiyo ni ya kabla ya kiwango cha NVMe kutolewa mwaka 2011, kwa hiyo haina draiva yake. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, inayo tangu toleo 3.3 la mwaka 2012. Basi tutaiweka kerneli kwenye flashi, ambayo BIOS inaiona. Ikishaamka, kerneli yenyewe itaitafuta diski ya NVMe. (Windows ina njia nyingine, kupitia Clover. Siigusi leo.)

Hatua ya 1: Adapta. Ichomeke kwenye sloti ya x4 au ndefu zaidi. Adapta za bei rahisi ni nyaya tu, hazitafsiri chochote, kwa hiyo diski ya M.2 (umbo la kadi ndogo) ya aina ya SATA (njia ya zamani ya kuunganisha diski) haitafanya kazi humo. Soma lebo. Kwenye PCIe 2.0 utapata kasi isiyozidi GB 2 kwa sekunde, huku SATA II ikikomea MB 300.

Hatua ya 2: Hakiki. Washa kwa flashi ya kusakinishia, fungua terminali, andika `lsblk`. Usipoona `nvme0n1`, zima, kaza adapta, rudia. Usisonge mbele bila hiyo.

Hatua ya 3: Gawa diski kwa mkono. Chomeka flashi ya pili. Kwenye `nvme0n1` tengeneza patisheni ya ext4 (mfumo wa faili wa Linux) iwe `/`, yaani mzizi wa mfumo. Kwenye flashi hiyo ya pili, ext4 nyingine iwe `/boot`, mahali kerneli inapokaa. GB 2 zinatosha.

Hatua ya 4: GRUB, programu inayoipakia kerneli kompyuta ikiwaka. Hapa ndipo nilipoteza jioni nzima. Programu ya kusakinisha ilipendekeza `nvme0n1`, nikakubali bila kusoma, kompyuta ikawaka na kuniambia hakuna diski ya kuwashia. GRUB nayo husoma diski kupitia BIOS, kwa hiyo isichokiona BIOS, yenyewe haikioni pia. Chagua flashi ya pili nzima, tuseme `/dev/sdc`, si `sdc1`. Flashi ziko mbili na majina yanafanana, kwa hiyo zitambue kwa ukubwa: yangu ya kusakinishia ni ya GB 16, ya kuwashia GB 4, siwezi kuzichanganya.

Hatua ya 5: Washa upya. Chomoa flashi ya kusakinishia, kisha uiweke ya kuwashia mbele kwenye BIOS. BIOS nyingine huificha ndani ya orodha ya diski kuu, itafute huko. Ukishaingia, andika `findmnt /`. Ukiona `/dev/nvme0n1p1`, umefika.

Flashi hiyo ibaki hapo hapo, ikiwezekana kwenye tundu la nyuma lisilopitiwa na mikono, maana kila sasisho la kerneli huandikwa humo. Nakili flashi nzima kwa `dd` uhifadhi faili mahali pengine, na urudie baada ya kila kerneli mpya. `/boot` ikijaa, `sudo apt autoremove` huondoa kerneli zilizopitwa.