Kabla ya kusema tiba ya kigugumizi imemsaidia mtoto

Wiki ya tatu ya mazoezi, mwanangu wa miaka 9 alisoma ukurasa mzima mbele ya mtaalamu wa usemi bila kukwama. Nilitoka pale nikifuta machozi ya furaha. Jioni hiyohiyo matatu ikatupitisha kituo chetu cha Kondele, kwa sababu nilimwachia yeye aseme "shukisha", na neno likagoma kutoka.

Tangu hapo napima mwenyewe, na ningemwomba kila mzazi aanze kupima kabla ya mazoezi. Kigugumizi hupanda na kushuka chenyewe. Ukianzia siku mbaya, tiba yoyote itaonekana ya ajabu. Mimi nilirekodi kwa simu siku nne katika wiki mbili: mezani, akicheza na binamu zake, dukani, na akiongea na dani (nyanya) yake kwa simu.

Kisha kaa na daftari. Silabi za Kiswahili zinahesabika kwa vidole: ni-na-ta-ka ma-zi-wa, saba. Weka nukta kwa kila silabi, na msalaba pale alipokwama: amerudia ("ma-ma-mandazi"), amevuta ("mmmandazi"), au amefunga kimya, midomo imekaza. Alichorudia usikihesabu kama silabi mpya, na "eeh" ya kufikiria iache. Wangu alikwama mara 27 katika silabi 300, yaani asilimia 9. Sikiliza tena kesho yake. Hesabu zikipishana sana, sikio lako bado halijazoea.

Mazoezi yetu ni ya kusema kwa mapigo, kila silabi na mdundo wake. Kukwama hupungua upesi, ila mtoto aweza kusikika kama anafuata ngoma. Wataalamu hutumia kipimo cha 1 hadi 9, 1 ikiwa usemi wa kawaida kabisa. Jirani asiyejua habari za mazoezi alisikiliza rekodi akatoa 6. Tulikuwa tumefika asilimia 2, lakini sikushangilia.

Linaloniuma zaidi halimo kwenye rekodi. Nilikuwa nikimtuma mandazi analeta chapati, nikidhani ni tamaa. Kumbe alikuwa anaikimbia "m". Kwa hiyo muulize mtoto, kwa upole, ni maneno gani anayakwepa, uyaandike.

Rekodi tena baada ya mwezi, miezi mitatu, sita, hata mazoezi yakiisha. Juzi alirudi na mandazi manne yamefungwa kwenye gazeti. Alikwama mara mbili mbele ya muuzaji, akamaliza neno. Nimeandika yote mawili.