Kabla ya kulipia mashine ya ECG, ijaribu kwa betri

Usiijaribu mashine hii ya kuchora umeme wa moyo dukani. Omba iletwe kwenye chumba kile kile itakakotumika, zima filta (kichujio cha mashine kinachosafisha mstari), mlaze mtu mmoja na uchape mchoro wa moyo wake mara mbili: kwanza ikiwa imechomekwa ukutani, kisha chomoa waya uiache kwenye betri pekee. Mstari ukiwa na vimeno vidogo vilivyobanana na kulingana, halafu ukatulia kwenye betri, huo ni umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde unaopenya, na mara nyingi tatizo ni ethi (waya wa ardhini) ya jengo. Mwite fundi umeme kwanza. (Mimi nusura nirudishe mashine nzima kwa sababu ya soketi.) Mstari ukibaki mchafu hata kwenye betri, shuku elektrodi (vibandiko vya kwenye ngozi) zilizokauka, nyaya zinazomuunganisha mgonjwa na mashine, au taa na ekstensheni iliyo karibu na kitanda. Jaribio hili halisaidii mtu akitetemeka kwa baridi. Misuli nayo huchora vimeno, ila vyake havina mpangilio. Angalia pia alama ya kipimo kwenye karatasi: kwa mpangilio wa kawaida, milivolti 1 hupanda milimita 10.