Waifai inakwama usiku kwenye fleti? Anza na chaneli

Kama unaishi Pipeline au Zimmerman jijini Nairobi, ambako fleti zimebanana, na waifai inaenda vizuri asubuhi lakini saa mbili usiku video inakwama kila dakika, usikimbilie kulipia kifurushi kikubwa. Mara nyingi kasi inapotelea hewani, kati ya ruta yako na za majirani. Ili kuhakikisha, unganisha kompyuta na ruta kwa kebo saa hiyohiyo ya usiku, upime kasi. Ikiwa hata kwa kebo ni mbovu, wapigie wanaokuuzia intaneti. Ikiwa nzuri, endelea.

Bado ukiwa kwenye kebo (waifai itakukata ukibadilisha mipangilio), fungua kivinjari uandike anwani iliyo kwenye kibandiko cha ruta. Huwa 192.168.0.1, 192.168.1.1 au, kwa ruta nyingi za faiba za Huawei, 192.168.100.1. Piga picha kila ukurasa kabla hujagusa kitu.

Ruta nyingi hurusha waifai kwa masafa mawili, 2.4 GHz na 5 GHz, na kila moja limegawanywa katika njia ndogo ziitwazo chaneli. Masafa ya 2.4 GHz ndiyo yenye msongamano. Chaneli zake zimepishana kwa MHz 5 tu, ilhali ruta hutumia upana wa MHz 20, kwa hiyo zisizoingiliana ni tatu: 1, 6 na 11. Wengi huchagua 3 kwa sababu inaonekana haina mtu. Hapo unakosea. Ruta zilizo kwenye chaneli moja husikilizana na kupeana zamu, lakini ukiwa 3 unapokea kelele za 1 na za 6 pia. Pakua WiFi Analyzer, programu inayoonyesha chaneli za majirani na nguvu zake, kwenye simu ya Android, usimame pale unapokaa ukitumia intaneti, si kando ya ruta. Nguvu husomwa kwa dBm, na kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo jirani anavyosikika zaidi. Jirani anayesomeka -85 hana madhara makubwa. Wa -50 mkwepe: kati ya 1, 6 na 11, chagua asipokuwepo. Kisha weka upana MHz 20. Ukiweka 40 kwenye fleti, unajiongezea kelele tu.

Simu na TV zinazoweza kutumia 5 GHz zihamishie huko, na uyape masafa hayo jina lake la waifai ili kifaa kisirudi 2.4 chenyewe. Chagua nchi iwe Kenya, chaneli 36, 40, 44 au 48, upana MHz 80. Chaneli 52 hadi 144 hutumiwa pia na rada: ruta husikiliza angalau sekunde 60 kabla ya kurusha, ikisikia rada inahama, na vifaa vingine havizioni kabisa. Ukuta wa mawe hupunguza 5 GHz vibaya sana, basi chumba cha mwisho kiache kwenye 2.4.

Kwa usalama, weka WPA2 (mfumo wa kulinda waifai kwa nenosiri) yenye AES (njia ya kuficha data), au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 kama ruta inao. Usiweke TKIP, njia ya zamani ya kuficha data, hiyo huishusha kasi hadi Mbps 54. WPS (kuunganisha vifaa kwa kitufe au PIN) izime.

Ukijifungia nje ya mipangilio ya ruta, usibonyeze upesi kitufe cha "reset", kinachoirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Kwenye ruta ya faiba kinaweza kufuta pia mipangilio ya mtoa huduma, ukakaa bila intaneti mpaka wairudishe.